Gari Lisilojua Kupumzika

Jumapili, 10 Machi 1974

Limezima tena. Leo ni pale njia panda ya Nyaramba, mbele ya Wakatoliki waliokuwa wakitoka misa, nami sikuwa nimefanya kosa lolote ila kusimama nimpishe mama mmoja na mbuzi wake. Pikapu hii ikiwa mwendoni haina neno. Inapanda kilima na mikungu ya ndizi imejaa nyuma kana kwamba haijui kuwa ni mzigo. Lakini simama, toa mguu kwenye mafuta, iache ingurume pole pole kama gari la watu wengine: inakohoa, inatetemeka, kimya. Yule mama wa mbuzi alinionea huruma, na hiyo huruma ndiyo iliyoniudhi zaidi.

Daftari hili nimepewa na mke wangu Esnah. Amesema, "Hasira zako ziandike humu, Nyasani. Usiniletee jikoni." Hasira zangu nilijifunzia Nakuru, miaka niliyoendesha lori la dizeli, na nilijifunza kwa Kiswahili, basi nitaziandika kwa lugha hiyo.

Jumanne, 12 Machi

Nimeosha filta, nimetoa hewa kwenye mipira ya dizeli. Gari limenguruma jioni nzima bila kukohoa. Nadhani tumemaliza.

Jumatano, 13 Machi

Hatujamaliza.

Alhamisi, 14 Machi

Mvua kubwa imeanza. Nimekaa barazani nikiitazama njia yetu ikigeuka uji, na nimeogopa. Niandike kwa nini, maana kwa mdomo siwezi.

Gari hili sikulinunua kwa ajili ya ndizi. Ndizi ni za kulilisha tu. Mwaka juzi, mvua kama hii, Esnah alishikwa na uchungu na hakukuwa na gari hata moja upande huu. Tulimbeba kwa machela, wanaume tukipokezana, tukiteleza kila hatua. Kwenye daraja la magogo tulimweka chini tupumue, na mtoto akazaliwa hapohapo, akafa hapohapo. Alikuwa mvulana. Baba yake Esnah, mzee Manasseh, alikuja mazishini kutoka Tabaka, akasimama kando ya kaburi dogo, akasema bila kunitazama, "Binti yangu niliwapa akiwa mzima." Hakuingia tena nyumbani kwetu.

Nikauza ng'ombe, nikaenda Sotik kwa mzungu aliyekuwa akihama, nikarudi na pikapu kuukuu ya dizeli. Sasa Esnah ana mimba tena. Mkunga anasema mwezi wa tano mwanzoni, yaani katikati ya matope yote. Nina gari, na gari halijui kusimama.

Ijumaa, 15 Machi

Limezima mara tatu kati ya hapa na Nyamira. Siku hizi naliegesha kwenye mteremko tu, na jiwe chini ya gurudumu, ili nilisukume likikataa kuwaka. Nikienda mahali nachagua kilima kwanza, shughuli baadaye.

Jumanne, 19 Machi

Nimempelekea Machogu wa Suneka, mwenye gereji nyuma ya soko pale Kisii. Watu wote wanamsifu. Jambo la kwanza alilofanya ni kung'oa kifuniko cha tangi na kutumbukiza kijiti. "Kwanza nione kama dizeli iko," akasema. "Watu hukuja hapa wakilia, kumbe tangi ni kavu."

Dizeli ilikuwepo. Akawasha. Likanguruma. Tukanywa chai, likanguruma. Akala andazi la pili huku akilitazama lile gari, kisha akanitazama mimi.

"Mzee, gari yako ni mzima. Labda ni wewe unakanyaga vibaya."

Mimi! Niliyeteremka na lori bondeni Mai Mahiu na breki moja! Nimeondoka nikiwa nimenuna. Lilizima kabla sijafika Nyamira, na naapa lilikuwa likinicheka.

Ijumaa, 22 Machi

Nimemjua adui. Nilijaza tangi mpaka juu, na sikwenda mbali, likazima. Nikikumbuka vizuri, kila nikijaza linakuwa baya kuliko siku zote. Basi ni dizeli. Muuzaji wetu anachanganya maji, tena mvua hii inampa maji ya bure. Nimerudi nikamwambia hivyo mbele ya wateja wake. Akachota dizeli kwenye chupa ya soda, akaiinua juani, tukaisubiri itengane. Haikutengana. Ilikuwa safi kama chai ya rangi. Akaniambia nitafute mahali pengine pa kununua, na mahali pengine hapapo mpaka Nyamira.

Jumapili, 24 Machi

Leo nimelipiga gari sabuni lote, angalau lipendeze. Nimekisugua na kile kifuniko cha tangi mpaka kikang'aa. Sijaandika habari yake, na ndicho kitu pekee kwenye gari hili kisichonipa taabu.

Kifuniko cha chuma kilidondoka njiani mwaka jana, nikawa naziba tangi kwa kitambaa. Esnah alimwambia mama yake, mama yake akamwambia mzee. Mwezi wa pili mwaka huu mzee Manasseh akashuka kwenye basi na kipande cha jiwe lao la Tabaka, lile jiwe laini wanalochongea sahani na wanyama, rangi yake kama nyama ya pera. Hakuingia nyumbani. Aliketi kwenye kigoda kando ya gari akapima, akatia tupa, akapima tena, mchana kutwa. Kati ya mtu na mkwe wake kuna ensoni, ile aibu ya heshima ya kwetu: humtazami machoni, hubishani naye, huketi alipoketi. Nami nilisimama mbali nikijifanya napalilia migomba. Mwishowe akakisukuma mdomoni mwa tangi, kikaingia taratibu kikakaa, hata unywele usingepita. Akasema, "Hiki hakitadondoka." Kwangu mimi hayo yalikuwa maneno ya kunisamehe.

Sikutaka kukipoteza hata kwa bahati mbaya, nikakata pete ya mpira kutoka tyubu kuukuu nikakivalisha shingoni. Sasa nikikivuta kinalia "sss" kama mtu anayefyonza chai ya moto. Hata kiwandani hawatengenezi hivi.

Jumamosi, 30 Machi

Sabato. Mzee wa kanisa, Ongeri, amehubiri juu ya watu ambao jua la Ijumaa linazama wakiwa bado na spana mkononi. Hakutaja jina. Shingo za watu wote zilinigeukia. Baadaye alinishika mkono mlangoni akasema, "Ndugu Nyasani, pengine hilo gari linakufundisha kupumzika." Nilimwambia halinifundishi kitu, lenyewe ndilo lisilojua kupumzika. Mtu huyu simpendi, na Bwana anisamehe, lakini nimeandika.

Alhamisi, 4 Aprili

Nimekaza skrubu ya mafuta ili injini ingurume kwa nguvu zaidi ikiwa imesimama. Sasa inapiga kelele kama posho mili ya kusaga mahindi, inakunywa dizeli kama ng'ombe wa kiangazi, halafu inazima vilevile.

Jumatatu, 8 Aprili

Nimegombana na Machogu. Nilirudi kwake nikamwambia, leo hutagusa kijiti wala chai, utapanda nami mpaka ulione likifa. Akakubali. Lakini kabla ya kupanda, mkono wake ukaenda palepale kwenye tangi. Akakitoa kifuniko, akakigeuza kiganjani.

"Na hii ni nini? Jiwe?"

"Ni kifuniko."

"Toa hii, ununue kifuniko ya gari. Unga yake itaingia kwa pampu."

"Hicho kimechongwa na baba mkwe wangu."

"Basi mkwe wako akuwe makanika yako."

Vijana wa gereji wakacheka. Kama angenitukana mimi ningemeza. Nilimnyang'anya kile kifuniko, nikakirudisha mahali pake, nikakigonga kwa kiganja kikakaza, nikaondoka bila kumpa mkono. Tena lilivyo na hila, lilitembea mpaka sokoni Kisii, nikasimama, likanguruma kwa adabu kabisa, kana kwamba linamuunga mkono Machogu. Lilizima nikiwa karibu na nyumbani, pasipo na shahidi.

Jumanne, 9 Aprili

Mvua.

Jumapili, 14 Aprili

Limezima. Limewaka. Limezima.

Jumatano, 17 Aprili

Esnah haonyeshi hofu, na hilo linanitisha. Leo nimemkuta ameketi ndani ya gari, mlango wazi, akisuka kikapu. Nikamuuliza afanya nini humo. Akasema, "Nalizoea." Miguu yake imevimba. Nilitaka kumwambia kwamba litatembea siku hiyo, nikashindwa, kwa sababu angejua kuwa nasema uongo. Nikamwambia kikapu ni kizuri.

Ijumaa, 26 Aprili

Nimebadilisha filta, mipira yote ya dizeli na hata vile vipete vidogo vya shaba vya kuzibia viungo. Sina tena kitu cha kubadilisha ila dereva.

Ijumaa, 3 Mei

Mkunga amepita. Amesema ni wakati wowote. Kesho ni Sabato, hakuna anayeuza dizeli, basi nimekwenda Nyamira kabla jua halijazama nikajaza tangi mpaka mdomoni. Kifuniko nimekipaka grisi kidogo, nikakisukuma kwa mikono miwili, mvua isiingize hata tone. Nimetayarisha kila kitu ambacho binadamu anaweza kutayarisha.

Jumatatu, 6 Mei

Naandika nikiwa Kisii, nje ya wodi, kwenye benchi. Nitaandika yote.

Uchungu ulianza Sabato asubuhi, uji ukiwa bado mezani. Niliondoa jiwe, gari likateremka, likawaka. Nilimweka Esnah mbele na blanketi mbili. Nilikuwa nimejiapiza: sitasimama popote, mguu wangu hautatoka kwenye mafuta mpaka hospitalini.

Lakini pale kwenye daraja la magogo mto ulikuwa umejaa, na maji yalikuwa yamesogeza gogo moja. Siwezi kumvusha mtu mwenye mimba juu ya gogo nisilolijua. Nikashuka nilikanyage. Nilifika katikati, nikasikia nyuma yangu kikohozi kile, mtetemeko ule, halafu sauti ya mto peke yake.

Nilijaribu stata mpaka betri ikaanza kusinzia. Nikafungua boneti, nikapiga pampu ya mkono kutoa hewa, na pampu ikawa ngumu mkononi, haivuti kitu, kana kwamba huko nyuma kuna mtu ameshika dizeli amekataa kuiachilia. Tangi lililojaa! Nikapiga tena na tena, jasho na mvua vikichanganyika machoni. Kanisa letu liko juu kidogo ya daraja. Walikuwa wakiimba. Walisikia stata ikilia, wimbo ukakatika.

Walishuka wote. Wa kwanza alikuwa Ongeri, na suti yake nyeusi ya Sabato, viatu vimeng'arishwa. Hakusema neno juu ya spana wala jua. Alitia bega nyuma ya gari, tope likampanda mpaka magotini, akafoka, "Sukumeni, hii ni kazi ya rehema!" Kwaya nzima ikasukuma. Likawaka. Nikapanda, nikakanyaga mafuta, na kabla gurudumu la mbele halijagusa gogo, likafa tena.

Esnah alikuwa ameshika dashibodi. Hakupiga kelele. Alisema kwa sauti ndogo, "Nyasani, hapa ndipo mlipoweka machela chini."

Kwa kweli sijui nilitokaje garini. Nilikuwa na spana mkononi na nilitaka kuvunja kitu. Niseme wazi, watu wasije wakanisifu baadaye: sikuwa nimegundua lolote. Nilizunguka gari, nikakiona kile kifuniko kinang'aa katika mvua, kimekaa pale kama bwana harusi, na kichwani mwangu nikasikia, "Binti yangu niliwapa akiwa mzima." Nikakivuta, kikakataa. Nikakipiga. Kikapasuka vipande viwili.

Na tangi likavuta pumzi.

Sitaisahau sauti ile. Haikuwa "sss" ya chai. Ilikuwa pumzi ndefu, ya mtu aliyekuwa chini ya maji akaibuka. Watu waliokuwa nyuma waliisikia, mama mmoja wa kwaya akarudi hatua. Nikabaki na kipande cha jiwe mkononi, mvua inaingia ndani ya tangi, nami nimeduwaa. Ongeri akatoa leso yake nyeupe mfukoni, akaziba mdomo wa tangi, akaniambia, "Ndugu, panda."

Nikapiga pampu ya mkono. Sasa ilivuta kama ndama. Wakasukuma, likawaka. Nikaondoa mguu kwenye mafuta, si kwa kulijaribu, ila mguu wenyewe ulikuwa umeishiwa nguvu. Likanguruma. Likanguruma pole pole, kama gari la watu wengine. Tulivuka gogo baada ya gogo, Ongeri akitangulia kinyumenyume ndani ya maji akinionyesha kwa mikono miwili, na Esnah akashusha pumzi.

Mtoto alizaliwa siku ileile, saa tisa mchana, msichana. Analia vizuri, na mimi nililia kuliko yeye.

Jumatano, 8 Mei

Nimekwenda kwa Machogu. Nilimweleza yote, hata leso. Akapiga paja.

"Dizeli ikitoka kwa tangi, lazima hewa iingie mahali yake. Kifuniko ya kiwanda iko na katundu. Gari ikikimbia pampu iko na nguvu ya kuvuta, ikisimama inashindwa. Na mimi nilikuwa nafungua kila mara nione dizeli! Nilikuwa nakuharibia ushahidi."

"Uliniambia nikitoe."

"Nilikuambia juu ya unga. Hata mimi sikujua."

Kumbe kila alipokifungua alilipa gari pumzi ya kumtosha yeye na chai yake. Na kila nilipojaza tangi niliacha nafasi ndogo ya hewa, likakabwa upesi zaidi. Na ile pete ya mpira, na ile grisi, na kile kiganja nilichokigongea kwa hasira, yote hayo nilifanya mimi kwa heshima. Nilimpa Machogu mkono. Muuzaji wa dizeli naye itanibidi nimpe, lakini si leo.

Ijumaa, 10 Mei

Tuko nyumbani. Esnah amemwambia mama yake kwamba jiwe limevunjika. Hakusema limevunjwa. Silali vizuri, nawaza nitamtazama vipi mzee, ingawa desturi inanikataza kumtazama.

Jumapili, 19 Mei

Mzee Manasseh amefika, na mfuko wa kitenge. Alimshika mtoto kwanza, kwa muda mrefu, akaelekea mlangoni penye mwanga amwone. Tumempa mtoto jina la mama mzazi wa mzee, Nyamusi. Halafu akaja uani, akafungua mfuko, na humo mlikuwa na kifuniko kipya. Kinene kuliko cha kwanza, kimepigwa msasa mpaka kinateleza.

"Nimesikia kile kilipasuka," akasema akiitazama migomba. "Hiki nimekikaza zaidi."

Mungu wangu. Nilisimama kama mwizi. Kumwambia baba mkwe kuwa kazi ya mikono yake nusura imuue binti yake, mdomo wa mwanamume wa Kisii haujaumbiwa hilo. Nikasema, "Mbuya mono, tata. Asante sana, baba." Esnah alikuwa mlangoni na mtoto. Akanitazama, akaona kuwa nitakipokea, nitakisukuma tangini na nitakufa nacho.

"Tata," akasema, "jiwe lako halikupasuka. Nyasani alilivunja darajani. Gari lilikosa hewa."

Mzee hakukasirika. Aliniomba niwashe gari. Tangi lilikuwa limejaa. Nikawasha, likanguruma. Akaondoa leso ya Ongeri, akaufunika mdomo wa tangi kwa kiganja chake chote, kiganja kigumu cha mchonga mawe, akainama akasubiri. Tulisubiri sote. Baadaye injini ikaanza kutetemeka. Akauvuta mkono, ukang'oka na mlio, na katikati ya kiganja kulikuwa na duara jekundu.

"Linanyonya," akasema.

Akaketi kwenye kigoda kilekile. Akatoa msumari mfukoni, akauzungusha juu ya kile kifuniko kizuri, unga mweupe ukimwagika magotini, mpaka tundu likatokea upande wa pili. Akapuliza. Akanipa mimi nipulize. Kisha akasema, na safari hii alinitazama usoni, ensoni au si ensoni:

"Mwanangu, nilikikaza hivyo nikisema moyoni, kisipotee tena kitu katika nyumba hii."

Nilikipokea kwa mikono miwili. Mpira sikuuvalisha.

Jumapili, 2 Juni

Mvua inapungua. Leo baada ya chakula nililiwasha gari uani, mahali tambarare, bila jiwe chini ya gurudumu, nikaketi barazani nikilisikiliza. Ongeri alipita akaketi nami. Halikukohoa. Tulizungumza habari za mahindi, habari za daraja jipya, habari za viatu vyake vilivyoharibika, nalo linanguruma tu, na kile kijiwe kina katundu kake mgongoni.

Esnah akachungulia dirishani. "Nyasani, mtoto amelala. Zima hilo gari."

Nikaenda, nikalizima mwenyewe.